Boti ya kulala Alappuzha, Kerala: nimeipanda na mama

Nimerudi Dar wiki hii, nilimsindikiza mama Kochi, India kwa matibabu, akaruhusiwa mapema zikabaki siku 2 kabla ya ndege, ndo tukaenda Alappuzha kupanda zile boti za kulala. Teksi ni kama kilomita 55 hivi, na njia nzima ni minazi mpaka mama akawa anasema mbona kama Mafia.

Kerala ni jimbo jembamba refu, huku bahari ya Arabia huku milima ya chai na iliki, katikati maji kila sehemu. Boti zenyewe wanaita kettuvallam, zamani zilibeba mpunga na viungo kupeleka Kochi, barabara zikaja zikakosa kazi, wakazijengea vyumba juu. Sasa kilichonigusa, mbao hazina msumari, zimeshonwa kwa kamba za usumba! Mama ni mtu wa Kilwa, akaishika ile kamba akaniambia mwanangu hii si ndo kama mitepe, vile vyombo vya zamani vya pwani yetu, aliyokuwa anatuhadithia bibi yako. Kweli kabisa, mitepe yetu ilishonwa hivyohivyo, na sisi leo hatuna hata mmoja wa kumpandisha mgeni, inauma jamani.

Tukapita Kuttanad, huko mpunga unalimwa chini ya usawa wa bahari, yaani umekaa kwenye boti unaliangalia shamba liko chini kuliko maji unayoelea, wamezuia kwa matuta na maji wanayatoa kwa pampu. Nahodha akatuambia kaka zake 2 wako Dubai, na nyumba nyingi nzuri tulizoziona pembeni ni hela ya Ghuba.

Chakula safi sana, samaki wa ziwani kafungwa jani la mgomba, pilipili mwambie mpishi mapema apunguze.

Kasoro: aliyetuuzia hakusema eisii (kiyoyozi) inawashwa saa 3 usiku tu, mchana mama alipata shida na joto. Pia boti inaegeshwa jioni maana wavuvi wanatega nyavu, kwahiyo kutembea ni kama masaa 5, sio siku nzima kama tulivyoambiwa. Uliza hayo kabla hujatoa hela. Bebeni dawa ya mbu na kadi ya homa ya manjano.

Natoa nyota 4. Kipande cha kamba nahodha alimkatia mama, kiko hapa Temeke anakionyesha kila mgeni.