Kipima gesi kabla ya winchi: uzoefu wangu na vifaa vya kuingilia mashimo ya maji taka

Kazi yangu ni kusafisha matangi ya maji taka ya hoteli na magorofa hapa Mombasa, Nyali hadi Bamburi. Nilipoanza nilinunua vifaa kinyumenyume: winchi (mashine ya kumvuta mtu juu kwa kamba), mshipi wa kiunoni, barakoa za vumbi. Barakoa ya vumbi haizuii gesi wala haimpi mtu oksijeni, nami nilikuwa nikiwavisha vijana wangu hiyo.

Siku hizi natumia kipima gesi nne (oksijeni, haidrojeni salfaidi, kaboni monoksidi na gesi za kuwaka) chenye pampu ya kuvuta hewa ya shimoni kwa mpira, nami nasoma nikiwa juu. Pampu ndiyo iliyopandisha bei, na sijutii. Duka moja la mjini lilikuwa limeniuzia kisicho nayo, muuzaji akaniambia nikifunge kamba nikiteremshe. Kikishafika chini, nani atakisoma? Nilikirudisha.

Mpira wa hiki nimeufunga utepe mwekundu kila mita moja. Wiki jana kule Bamburi, mdomoni mwa shimo oksijeni ilikuwa asilimia 20.9. Nikashusha mpira, nikasubiri dakika mbili: 20.1. Chini kabisa, 17.8, na ile gesi ya mayai viza, haidrojeni salfaidi, ppm 34 (sehemu 34 katika milioni ya hewa). Kikalia na kunitetemekea mkononi. Kengele yake ya oksijeni imewekwa ilie ikishuka chini ya 19.5, na ya gesi hiyo ikifika 10. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutuama chini, na ikizidi huua uwezo wa pua kunusa. Harufu ikipotea ghafla, usidhani imeondoka.

Tukapuliza hewa safi kwa feni na bomba mpaka chini, tukapima upya, ndipo kijana akashuka. Kipima hakikuzimwa, kwani tope likikorogwa huachia gesi nyingine.

Ule mshipi wa kiunoni niliujaribu juu ya ardhi. Kijana alikunjika katikati kama shati kwenye kamba. Kwa mkunjo ule asingepita mdomo wa shimo. Chukua mshipi wa mwili mzima (harness) wenye pete nyuma ya mabega, mtu apande wima.

Kasoro ya kipima: kihisi chake cha oksijeni (sensor) huchoka baada ya miaka 2 hivi, na mtungi wa gesi ya kukijaribia huuzwa kando. Uliza kabla ya kulipa. Mimi hukijaribu kila asubuhi kabla hatujatoka.

Winchi bado ninayo. Anayebaki juu ndiye hushika mpini wake, na nimemkataza kushuka hata mwenzake akinyamaza.