Betri ya Pili kwenye HiAce Yangu: Miezi Minane Kati ya Mwanza na Lamadi

Mama yangu anatumia insulini, na dawa hiyo kabla haijafunguliwa inatakiwa kukaa kwenye ubaridi wa kati ya nyuzi 2 na 8. Kwa hiyo, nilipoigeuza Toyota HiAce yetu kuwa gari la kulala safarini, nililifikiria kwanza friji dogo la volti 12, na jinsi ya kuliendesha usiku kucha bila kuimaliza betri inayowasha gari. Betri ya kuwashia imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache. Ukiizoesha kunyonywa taratibu usiku kucha, haichukui muda kufa.

Nilinunua betri ya AGM (ambayo asidi yake imefyonzwa kwenye mkeka wa nyuzi za kioo) ya ampea-saa 100, ikafungwa chini ya kitanda. Niliichagua kwa sababu ni ya kuzibwa, ilhali betri ya maji hutoa gesi ya haidrojeni inapochajiwa, nami nisingekubali mama alale juu yake. Kati ya betri hizo mbili kuna rilei, ambayo huziunganisha injini ikiwaka na kuzitenganisha ikizimwa.

Safari ya kwanza ilinitia hofu. Tulilala Lamadi, karibu na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti, na saa kumi alfajiri nikashtuka kwa ukimya: friji lilikuwa limezimika, na kipimajoto kilichokuwa ndani kilisoma nyuzi 14. Kulipokucha tulipata barafu kwa wauza samaki, tukaizungushia kanga iliyokunjwa mara nne ili isiigandishe dawa, maana insulini ikiganda haifai tena.

Nilimlaumu muuza betri, na nikakosea. Niliporudi Mwanza nilipima kwa mita huku injini ikiunguruma: betri ya mbele ilisoma volti 14.2, ya nyuma 12.8. Volti 1.4 zilikuwa zikipotelea njiani, kwa sababu fundi aliyenifungia alitumia waya wa milimita za mraba 2.5, ule ule wa soketi za nyumbani, kwa umbali wa mita tano kwenda na tano kurudi. Betri ilikuwa nzima kabisa. Chaji ndiyo iliyokuwa haifiki, hata kama tungeendesha kutoka Mwanza hadi Lamadi bila kusimama.

Fundi wa pili, ambaye nampa sifa zote, alivuta waya wa shaba wa milimita za mraba 16, chanya na hasi. Uligharimu karibu robo ya bei ya betri, na kila shilingi ilistahili, kwani sasa tofauti kati ya mbele na nyuma haizidi volti 0.2. Pia aliongeza fyuzi ya pili karibu kabisa na betri ya nyuma, kwa kuwa yule wa kwanza alikuwa ameweka moja tu upande wa mbele. Waya wa namna hii una umeme kutoka pande zote mbili, na ukichunika ukagusa bodi, fyuzi ya mbele haiwezi kuizuia betri ya nyuma isiuunguze.

Tangu hapo tumelala Lamadi mara nne na friji halijazimika tena. Alfajiri ya safari ya mwisho mita ilisoma volti 12.4, na kipimajoto nyuzi 5.

Hata hivyo, betri hii ina mpaka wake. Friji linavuta ampea 4 linapofanya kazi, na kwa joto la kule hufanya kazi karibu nusu ya muda, yaani kama ampea-saa 48 kwa siku, kabla sijahesabu taa na feni. Betri ya AGM haipendi kushushwa chini ya nusu mara kwa mara, kwa hiyo tukiegesha siku nzima bila kuendesha, jioni nalazimika kuwasha injini. Ndiyo maana mwezi huu fundi yule yule anafunga paneli ya sola ya wati 100 juu ya paa, na safari hii waya nimeununua mwenyewe.