Uzi wa mshale wa redio ya zamani: uzoefu wangu na mshipi wa kuvulia samaki, uzi wa viatu na uzi wenyewe

Kwa mwenye haraka: nunua uzi uliosukwa mahususi kwa ajili ya mshale wa redio, ule unaoonyesha stesheni kwenye kioo, wenye kiini cha nyuzi za kioo na nailoni iliyosukwa juu yake. Nauli ya kuuleta kutoka Uingereza ilizidi bei ya uzi wenyewe, na bado nasema ununue. Mwenye nafasi asome kwa nini.

Redio ni Philips ya mezani ya marehemu baba mkwe wangu, kasha la mbao, ya transista, inayokula betri kubwa. Ni moja ya zile zilizounganishwa Arusha enzi Philips walipokuwa na kiwanda pale. Sauti yake bado nzito na safi. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: unazungusha nobu, nobu inazunguka vizuri, mshale umelala palepale na stesheni haibadiliki. Ukikuta hali hiyo usikimbilie kuchomoa transista. Kinachounganisha vidole vyako na kondensa ya kutafutia stesheni ni uzi tu.

Nobu imekaa kwenye shafti nyembamba. Uzi umeizunguka shafti hiyo mara mbili au tatu, ukaenda kwenye puli ndogo za pembeni, ukapita kwenye reli ya mshale, na ncha zake zote mbili zikaingia ndani ya puli kubwa iliyofungwa kwenye kondensa. Humo ndani kuna springi inayouvuta usilegee. Kondensa huzunguka nusu duara tu: mabamba yake yanayoingiliana yakizama yote uko chini kabisa ya bendi, yakitoka yote uko juu. Puli yangu ina kipenyo cha sentimita 10, kwa hiyo nusu duara inavuta uzi karibu sentimita 15.7, na huo ndio mwendo wote wa mshale kwenye kioo. Shafti ya nobu ina kipenyo cha milimita 6, maana yake nobu inazunguka mara nane na kidogo kutoka mwisho mmoja hadi mwingine.

Sasa piga hesabu. Mawimbi ya kati kwenye redio hizi yanaanza kHz 525 hadi 1605. Ukizitandaza kwenye sentimita hizo 15.7, milimita moja inabeba karibu kHz 7, wakati stesheni za huku kwetu zimepangwa kila baada ya kHz 9. Kwenye mawimbi mafupi ndiyo balaa: bendi ya MHz 6 hadi 18 ikitandazwa kwenye kioo hichohicho, milimita moja inameza kHz 76 hivi, na humo stesheni hupangwa kila baada ya kHz 5. Uzi ukivutika hata nusu milimita kabla haujasukuma kitu, umeshaziruka stesheni kadhaa. Kwa hiyo swali la kuuliza dukani si kama uzi utakatika. Uliza kama unavutika, na kama unashika.

Hapo ndipo fundi wa kwanza aliponipoteza. Alifunga mshipi wa nailoni, ule mmoja mtupu unaong'aa, unaouzwa kwenye maduka ya zana za uvuvi karibu na soko la samaki la Feri, Dar es Salaam. Nilipomuuliza alicheka: "Bosi, huu unamtoa changu majini, utashindwa kuvuta mshale?" Nguvu unayo, sikatai. Lakini nailoni ya aina hiyo inavutika, inakumbuka umbo la roli lake ikataka kujikunja tena, na juu ya shafti ya chuma inateleza. Mwanzoni mshale ulikwenda. Baadaye ukawa unafikiri kwanza ndipo usogee, na ukiiachia nobu unarudi nyuma kidogo. Mama mkwe hakuhitaji hesabu yoyote kuligundua hilo: "Baba, hii stesheni inanikimbia."

Uzi wa viatu, ule wa kushonea soli uliopakwa nta, ulifanya vizuri zaidi kuliko nilivyotarajia. Hauvutiki sana, fundo lake linakaa, na unapatikana kwa kila fundi viatu. Tatizo ni nta. Inahamia kwenye shafti, inakusanya vumbi, na baada ya muda uzi unateleza palepale ulipokuwa unashika. Ukiutumia kama dharura, ufute nta kwa kitambaa kabla ya kuufunga, na hakikisha si wa pamba. Wa pamba hubadilika na unyevu, na unyevu wa Dar es Salaam mnaujua. Kuna pia mishipi ya kisasa iliyosukwa kwa polyethilini, yenye sifa ya kutovutika kabisa. Ni kweli haivutiki, ila inateleza mno na mafundo yake yanafunguka yenyewe. Sikuipenda. Kama lazima ununue kwenye duka la uvuvi, tafuta uliosukwa kwa polyesta.

Tukija kwenye uzi wenyewe. Ulifika umezungushwa kwenye kadi ngumu, bila karatasi ya maelezo hata moja, na kila ulipokunjwa kwenye ukingo wa kadi ulikuwa na kovu. Makovu yale yalinyooka baada ya kuutundika uzi usiku kucha na bisibisi kama uzito, lakini muuzaji angeweza kutumia roli la duara na kutuondolea adha. Ncha zinafumuka haraka ukikata kwa mkasi butu. Kiberiti hakisaidii sana, kwa sababu kinachoyeyuka ni nailoni ya juu tu, kiini cha kioo kinabaki kimesimama. Nilikata kwa wembe, nikapaka rangi ya kucha kwenye ncha, ikaganda, basi. Gundi kali ya matone niliiweka juu ya fundo tu. Ikinywewa na uzi inaugeuza mgumu, na mgumu haupindi kwenye puli.

Kufunga kwenyewe ni kazi ya subira na ya mikono mitatu, nami ninayo miwili. Anza na puli kubwa: zungusha kondensa hadi mabamba yazame yote, kisha ibane puli kwa kipande cha utepe wa gundi isitembee. Kama uzi wa zamani bado upo, piga picha za simu kutoka kila upande kabla hujaugusa. Kwangu haukuwepo tena, mshipi wa fundi ulikuwa umefuta ushahidi, na mchoro wa redio sikuupata. Nikasoma njia kwenye puli zenyewe: palipokuwa pakipita uzi miaka yote hiyo pana mstari uliosuguliwa unaong'aa, pasipopita pana vumbi. Upande wa kuzungushia kwenye shafti hautakiwi kukisiwa pia. Nobu ikienda kulia, mshale nao uende kulia. Ukiona unarudi kinyume, ujue uzi umeizunguka shafti kwa upande usio wake. Mizunguko ile ilale sambamba kwenye shafti bila kupandana, la sivyo itakaba katikati ya bendi.

Springi ndiyo inayoamua kama utalala kwa amani. Ikivutwa hadi kunyooka haina tena pa kuvutia, na uzi ukilegea kidogo utaanza kuteleza. Ikibaki imejikunja yote, haifanyi kazi. Mimi nilifunga fundo la mwisho springi ikiwa imevutika kama nusu. Mshale ufungwe mwishoni kabisa, na usiugandishe kwa gundi kabla hujaulinganisha na namba.

Kuulinganisha nilitumia njia ambayo wapenzi wa redio wameitumia miaka mingi. Redio ya aina hii ina mtambo mdogo ndani unaotoa wimbi lake yenyewe, kHz 455 hivi juu ya stesheni unayosikiliza. Weka kando yake redio ya kidijitali, iweke kwenye kHz 1055 ya mawimbi ya kati, kisha zungusha nobu ya redio ya zamani taratibu. Mahali ambapo mvumo wa redio ya kidijitali unanyamaza ghafla, redio ya zamani iko karibu na kHz 600, yaani 1055 ukitoa 455. Sogeza mshale uende kwenye 600, tia tone la rangi ya kucha. Philips hawakutumia 455 kamili kila mara, ila tofauti yake ni ndogo. Ni njia nzuri hasa sasa ambapo stesheni za mawimbi ya kati ulizoweza kuzitegemea kama alama zimepungua.

Onyo moja, na silipunguzi makali. Haya yote niliyafanya kwenye redio ya betri. Redio nyingi za zamani zaidi, za valvu (taa za kioo zilizotumika kabla ya transista), zilizotengenezwa kutumia umeme wa nyumbani bila transfoma, chasisi yake, yaani fremu ya chuma ya ndani, imeungwa moja kwa moja na umeme. Hizo ukifungua mgongo zikiwa zimechomekwa unaweza kufa. Chomoa waya ukutani, subiri kondensa za ndani zinazohifadhi umeme ziishiwe, au mpelekee anayezijua.

Matokeo? Mshale unatembea pamoja na kidole. Naweza kugeuza nobu kidogo kushoto, nikarudi kulia, na stesheni iko palepale. Kwa mshipi jambo hilo halikuwezekana. Mahali pamoja tu bado uzi uliteleza, kwenye mwisho wa juu wa bendi ambako puli ya pembeni imekauka. Puli nikaitia tone dogo la mafuta kwenye mhimili wake kwa ncha ya sindano, na shafti nikaisugua kidogo kwa ile gundi ngumu ya kahawia ambayo mafundi huchovyea pasi ya solda. Mafuta yasiguse uzi hata kidogo.

Kilichoniudhi ni kwamba uzi wa kadi moja ni mrefu na redio yangu imekula mita moja na kidogo. Kama una redio moja tu, tafuta wenzako wawili mchangie. Unene wa milimita 0.8 umefaa kwa redio hii ya mezani. Kwa zile ndogo za kubeba chukua wa 0.5, kwa sababu mifereji ya puli zake ni myembamba na uzi mnene utakaa juu juu na kuruka nje.