Wakili wa kazi aliyekuwa polisi, nimemtumia na naandika nilichokiona

Nilifukuzwa kazi kwa madai ya wizi wa mali ya stoo, ndugu yangu akanipeleka kwa huyu wakili. Kusema kweli nilisita, maana niliambiwa alikuwa polisi miaka mingi afu akaacha akarudi darasani kusoma sheria, nikajua ntakutana na mtu wa kufoka. Hafoki kabisa. Anauliza, tena anauliza mpaka unachoka: barua ulipewa saa ngapi, nani alikuwepo, ulisaini kabla ya kusoma au baada. Nikisema walinionea ananijibu taratibu, "Dada, huko tutafika, kwanza niambie ulichokiona kwa macho yako." Siku ile iliniuma, nilijiona mtuhumiwa, ila baadae upande wa pili waliniuliza yaleyale na majibu yote nilikuwa nayo.

Ila kilichonimaliza ni ile barua. Mimi niliisoma mara nyingi huku nalia, yeye akaiweka mezani pembeni ya wito wa kikao cha nidhamu, akagusa tarehe kwa kidole. Barua ya kunifukuza iliandikwa siku moja kabla ya kikao cha kunisikiliza!! Yaani walishaamua kabla sijafungua mdomo. Akanieleza kuna Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unaotaka mtu anayetuhumiwa kwa mwenendo wake apewe nafasi ya kujitetea kabla ya kufukuzwa, sema sio kila nchi imeuridhia kwahiyo lazima uangalie na sheria ya kwenu inasemaje.

Simu hapokei, hapo ajirekebishe, mtu aliyefukuzwa hana usingizi na meseji inajibiwa kesho yake. Na usitegemee akuahidi ushindi, mimi alinambia wazi nimechelewa kuja na muda umebaki kidogo, maana madai ya kufukuzwa kazi nchi nyingi yana ukomo mfupi, yaani muda wa mwisho wa kuyafungua, kwahiyo ukifukuzwa wahi, na karatasi usitupe hata moja, hata bahasha.

Tulimalizana kwenye usuluhishi, nikalipwa notisi, likizo na fidia. Cheti changu cha utumishi kimeandikwa upya bila lile neno wizi, hicho ndo nilikuwa nakitaka kuliko hela.