Programu ya kupima umbali wa ndege: kilomita sawa, masaa ni porojo

Kama unataka kujua umbali tu, ipakue, haina neno. Kama kuna mtu wa kumpokea, achana nayo kabisa.

Mdogo wangu alikuwa anatoka Helsinki kuja Tokyo, na mimi ndiye wa kumpokea. Akanitumia ujumbe mmoja tu, "tunaruka sasa", akazima simu. Nikaingiza miji miwili kwenye programu: kama kilomita 7,800, masaa 9 na ushee. Nikajipanga kwa hesabu hiyo. Kufika uwanjani, ubao wa ndege zinazowasili unaonesha bado karibu masaa manne! Vile viti vya chuma vyenye vishikio katikati, vilivyotengenezwa makusudi usijinyooshe, nilivikalia vyote. Huku kwenye simu, kijindege cha programu kimeshatua zamani, kina alama ya vema ya kijani juu yake.

Tatizo unaliona kwenye ramani yao wenyewe. Mstari unakatiza Siberia yote. Urusi ilizifungia ndege za Ulaya anga lake mwaka 2022, na tangu hapo njia hiyo ni ya kuzunguka, ama kaskazini kule karibu na Ncha, ama kusini kupitia Asia ya Kati. Safari ya masaa 9 na nusu imekuwa ya kama 13. Si habari ya jana hiyo. Wao wanachukua njia fupi kuliko zote juu ya duara la dunia, wanagawa kwa mwendo mmoja, basi. Hata upepo hawaujui. Ipe London kwenda New York, kisha geuza: jibu ni lilelile, wakati anayerudi mashariki husukumwa na upepo wa juu na kuokoa kama saa nzima.

Nikawaandikia, tena kwa adabu. Wakajibu: "Umbali uliooneshwa ni sahihi." Hakuna salamu, hakuna pole. Nani kauliza umbali? Nimeisoma mara ngapi sijui, na kila nikiisoma napandwa upya.

Kuna atakayesema ningeangalia tiketi. Tiketi ilikuwa kwa abiria, na abiria alikuwa hewani.

Haki yao niwape: kilomita nimezilinganisha kwa miji mingine na zinakubali, ramani inapendeza, na inafanya kazi hata bila intaneti. Kwa hiyo nilishaweka nyota tatu, hasira zimepoa. Kabla ya kutuma nikaifungua tena, labda wamerekebisha. Masaa 9 na ushee, kijindege kinakatiza Siberia kama kawaida. Nyota mbili. Hapana, moja, na hiyo ni ya ramani.