Ushauri wa vyuo vya Marekani, Ganjoni: nyota tatu

Jumamosi nilimpeleka binti yangu ofisi moja ya ushauri wa masomo ya nje, Ganjoni, ghorofa ya pili. Shilingi 2,000, feni imekufa, na joto la Februari mnalijua wenyewe. Tuliambiwa saa nne, tukaitwa saa tano na nusu. Pole hatukupewa.

Ila yule dada mshauri, jamani, kazi yake anaijua. Alipojua binti ni mwanakwaya, hakuhangaika na vyuo vya majina makubwa. Akatutolea picha ya Jubilee Hall, jengo la matofali la Chuo Kikuu cha Fisk, Nashville. Chuo kilianzishwa 1866 na wamishonari kwa ajili ya Weusi waliotoka utumwani, na masomo yakaanzia kwenye mabanda ya jeshi. Pesa zilipokauka, 1871 wanafunzi tisa wakatoka kuimba nyimbo za wazee wao mji kwa mji, mwisho wakamwimbia Malkia Victoria. Jengo lile limetokana na sauti zao! Hadi leo kila tarehe 6 Oktoba chuo huwakumbuka, na wanakwaya wa sasa huzuru makaburi yao. Binti yangu aliishika ile picha mpaka ikalowa jasho.

Nilipouliza karo, yule dada akaanza kupekuapekua makaratasi. "Mama, nitakutumia WhatsApp." Leo Alhamisi, bado nasubiri. Nyota mbili nimezikata hapo.