TAHADHARI: Gari inachemsha kwenye foleni tu, unauziwa gasketi ya hedi

Wakuu, nimepigwa laki saba na elfu sabini na tano. Naandika kabla hasira hazijapoa, maana mtindo huu nimeshasikia watu wawili wengine wamepigwa hivyohivyo.

Nina Premio ya cc 1500, injini ya 1NZ. Ilianza tabia hii: natoka Kibaha mpaka Ubungo mshale wa temperecha umetulia, ila nikiingia Barabara ya Mandela hapa Dar, foleni ikanishika karibu na Buguruni, dakika kumi za kusimama zinatosha mshale kuanza kupanda. Magari yakisogea na mimi nikakimbia kidogo, unashuka wenyewe. Anayejua magari ameshaelewa hapo. Mimi sikuelewa, nikaenda gereji moja ya uchochoroni niliyoelekezwa na jirani.

Fundi hakuniuliza inachemsha ikiwa imesimama au inatembea. Alishika bomba la juu la rejeta (inayopooza maji ya injini), akatikisa kichwa: "Termostati hiyo bosi." Hiyo ni valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Akanipeleka mwenyewe kwenye duka la spea la mtu wake, 45,000. Siku tatu baadaye ikachemsha tena. Sasa ikawa rejeta imeziba. Dukani kulekule nikauziwa "used ya Japan, imeshuka kwenye kontena juzi", 180,000. Nilipoishika ikaniachia weusi wa rangi vidoleni. Nilipaswa kushtuka. Nikafuta mikono kwenye tambara, nikalipa.

Mara ya tatu ndiyo walinimaliza. Nilikuwa nimekaa pembeni nakunywa soda, akaniita: "Njoo uone mwenyewe, usije ukasema fundi muongo." Akachovya kidole kwenye mdomo wa rejeta, kikatoka na utando wa oili. "Gasketi ya hedi imekwenda, maji na oili vinaonana." Hedi ni kichwa cha injini, na gasketi yake ndiyo inayotenganisha maji na oili. Nimeona kwa macho yangu, ningebisha nini? Kufungua hedi, kuipeleka kuchongwa, gasketi mpya na ufundi, 550,000. Gari ikalala pale siku mbili. Nilipoomba gasketi ya zamani, kijana alikuwa "ameshaitupa".

Kisha angalieni ujanja wa kukabidhi. Alinipigia saa nne usiku, tukaijaribu gari barabara nyeupe, hakuna foleni, upepo unapiga. Mshale umetulia kama umepigwa msumari. Kesho yake jioni, Buguruni, ukapanda palepale.

Aliyeniokoa ni fundi umeme wa magari. Alisema gari isimame tu, iwashwe, na AC iwekwe. Tukasubiri. Baada ya muda akauliza, "Feni yako unaisikia?" Kimya. Kwenye gari kama hii ukiwasha AC feni inatakiwa kuzunguka. Akaangalia fyuzi, nzima. Akachukua relei (swichi ndogo ya umeme) ya honi inayofanana na ya feni, akazibadilisha, bado kimya. Akazima injini, akachomoa soketi ya feni na kuvuta waya mbili moja kwa moja kutoka kwenye betri hadi kwenye mota. Kimya. Akaigonga mota kwa mpini wa bisibisi, ngo ngo, feni ikashtuka, ikazunguka kama nusu dakika, ikafa. Brashi za ndani zimelika. Mota ya mtumba 60,000, ufundi 15,000. Tangu siku hiyo nakaa foleni na AC nimewasha.

Alinieleza kwa maneno machache: gari ikitembea, upepo wa barabarani ndio unapooza rejeta, ikisimama, kazi yote ni ya feni. Kwa hiyo gari inayochemsha ikiwa imesimama tu, feni inaangaliwa kwanza, kabla ya mtu kutaja hedi. Mota ikizunguka kwa waya za betri, basi tatizo liko kwenye fyuzi, relei, waya au sensa. Feni ikiwa nzima ndipo unahamia kwenye mfuniko wa rejeta uliolegea, uchafu uliojaa kati ya rejeta na kondensa ya AC, hewa iliyobaki kwenye maji, au pampu ya maji. Na tafadhali, mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa ya moto, itakubabua uso.

Hiyo hedi sasa. Hedi ya 1NZ haipelekwi kuchongwa bila kufungua manifoldi ya ekzosi, yaani mabomba ya moshi yanayofungwa kwenye hedi. Fundi umeme akanimulikia tochi: nati za manifoldi zimeshikana kutu ya miaka, hakuna hata alama ya spana. Hedi haikwenda kuchongwa kabisa! Na ule utando wa oili haukurudi tena kwenye maji, kwa hiyo naamini waliudondoshea wao nilipokuwa na soda yangu. Gasketi ikiungua kweli, maji hupungua bila kuonekana yanapovujia, mapovu hayaishi kwenye rejeta, moshi mweupe hutoka, au oili hugeuka kama uji wa maziwa. Mimi sikuwa na hata kimoja.

Tulifungua na nyumba ya termostati. Tupu, termostati niliyolipia haimo, maji yanapita muda wote hata injini ikiwa baridi. Ndiyo maana alfajiri barabarani mshale ulikuwa unalala chini kabisa na mafuta yanaisha haraka.

Nilirudi gereji. Akanijibu bila haya: "Bosi, gari yako ilikuwa na magonjwa mawili." Dukani wakanionyesha kibao cha spea ikishafungwa hairudishwi. Risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) sina, nina kikaratasi kimeandikwa "spea na ufundi" kwa kalamu ya bluu, bila jina la duka.

Rejeta yangu ya zamani, ambayo nina hakika ilikuwa nzima, ilibaki kwao. Sitashangaa ikiwa saa hizi imeshapakwa rangi nyeusi, imetundikwa ukutani, imeshuka kwenye kontena juzi.